Dirisha Halifunguki

Jumamosi asubuhi wazazi walikutana ndani ya darasa la pili, barakoa puani, viti vimeachana hatua mbili mbili. Jambo lilikuwa moja tu: ugonjwa umerudi, shule ifungwe au isifungwe?

Fundi seremala alikaa mbele kabisa. Shule zilipofungwa mara ya kwanza, bintiye alikuwa ameanza kuunganisha herufi. Miezi saba baadaye hata neno "baba" lilimshinda kusoma. Sasa alikuwa anajikongoja upya.

"Wakifunga tena, mwanangu kwisha habari yake," alikuwa amemwambia mkewe njiani. "Lakini hawafungi. Mimi nipo!"

Muuguzi, mama wa mapacha, akasimama. "Jamani, mimi sipingi shule. Napinga chumba kisicho na hewa. Watoto arobaini, madirisha manne, yote yamepigiliwa mbao kwa misumari! Hivi ni nani mwenye akili timamu alifanya haya?"

Mwalimu mkuu akatazama dari. Fundi akakohoa. Kukohoa siku zile, lo! Watu wote wakageuka.

"Ni mimi," akasema. "Nyinyi wenyewe mlilalamikia vumbi la barabarani. Mkasema fundi, ziba. Nikaziba."

"Ukaziba hadi mbu akakosa njia!" muuguzi akadakia.

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, maana ilikuwa kweli tupu.

"Basi nazibua leo hii, mkiwa mmekaa hapo hapo. Nikishindwa, fungeni shule. Nikiweza, Jumatatu watoto wanaingia. Mama Mapacha, tumeelewana?"

"Tumeelewana. Lakini yote manne."

Akavua koti, akatoa nyundo mfukoni. Mtu huyu hata harusini huenda nayo. Madirisha matatu yaliachia bila ubishi mkubwa. La nne, wee! Alivuta, akasukuma, akalitukana kimoyomoyo, jasho likamtiririka hadi viatuni. Wazazi wa nyuma wakaanza kuguna. Bintiye, aliyekuwa akicheza nje, akaingia kuokota misumari.

"Tutoke tu, fundi," mmoja akasema.

"Kaa chini! Hili nililifunga mwenyewe."

Akapiga moyo konde, akaishika nyundo kwa mikono yote miwili, akavuta. Ubao ukang'oka, ukaanguka miguuni kwa binti, na dirisha likafunguka wazi. Upande wa nyuma wa ubao kulikuwa na maandishi ya penseli. Binti akauinua, akaweka kidole.

"Ka-zi... ya... fu-ndi. Di-ri-sha... ha-li... ha-li-fu-ngu-ki."

Fundi alipaswa kuona aibu. Wapi! Nyundo ilimponyoka, machozi yakamtoka mbele ya kadamnasi.

"Amesoma! Jamani mmesikia? Amesoma!"

Binti akatazama ubao, akatazama dirisha, upepo ukimpeperusha kola.

"Baba, mbona umeandika uongo?"

Vicheko vikajaa chumba. Mwalimu mkuu akajikaza: "Haya, wanaotaka shule iendelee..."

Hakumaliza. Muuguzi alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili, mmoja kwa kila pacha.