Fundi Viatu na Mguu wa Kifaranga

Fundi viatu aliinuka kufuata uzi, kisigino chake kikatua juu ya kitu laini, na kabla hajateremsha macho alishajua ni nini. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu laini kinachotembea sakafuni.

Kifaranga wa bata, mwenye umri wa siku tisa, alilia mara moja, sauti nyembamba kama msumari unaong'olewa kwenye ubao. Akajaribu kukimbia. Mwili ulikwenda, mguu wa kulia ukawa unaburutwa nyuma kama kamba.

"Umemuua," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Hajafa, mama."

"Basi umembakiza kidogo."

Mama mkwe huyo alikuwa na miezi miwili katika nyumba ile. Alikuwa akiishi peke yake, mbali, mpaka siku alipoteleza karibu na kisima chake akalala pale tangu asubuhi hadi jua la utosi, ndipo mpita njia akamwona. Nyonga ilipona, ila ilipona vibaya. Mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Binti yake, mke wa fundi, akaenda kumchukua. Alikuja na sanduku moja, mkeka, na bata jike aliyekuwa anataga. Wiki ya tatu mbwa akamla yule bata. Mayai saba yaliyobaki wakayaweka chini ya kuku wa kinyozi, jirani yao. Sita yakaharibika. La saba likamtoa huyu, na kuku alipomwona mtoto mwenye mdomo kama kijiko, akamkana mchana kweupe.

"Huyu ndiye jamaa yangu aliyebaki," bibi alizoea kusema, binti yake akisikia, ingawa na yeye ni jamaa.

Kati ya bibi na mkwewe mambo yalikuwa yameharibika tangu wiki ya kwanza. Fundi hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimtazama mama mkwe akitembea, akaona kazi ya kufanywa, akasema, "Mama, nipe hiyo ndala ya kushoto niiongeze soli, uache kuyumba kama meza mbovu."

Mkwe hasemwi hivyo. Bibi alimjibu, "Meza mbovu haivai viatu," na kuanzia siku ile hakumsemesha tena isipokuwa kupitia kwa mkewe. "Mwambie mumeo anisogezee maji," angesema, na mume yupo pale pale, mkono wake unagusa jagi. Mpaka leo hii alipomkanyaga kifaranga, ndipo akamsemesha mwenyewe, kwa kumwita muuaji.

Mke wa fundi, mpishi katika shule ya bweni, alirudi alasiri akakuta sanduku limetolewa chini ya kitanda.

"Jumamosi narudi kwangu," mama yake alimwambia.

"Kwako yuko nani, mama?"

"Hayuko mtu. Kwa hiyo hayuko wa kunikanyagia."

Mke alimvuta mumewe jikoni. "Baba watoto, nisikilize. Mama akirudi kule ataanguka tena, na safari hii hatapita mtu. Amesema kwa kinywa chake: nyumba ambayo hata kifaranga haimfai, mzee ataishije humo? Kifaranga yule akifa, mimi sina neno la kumzuia mama."

"Sasa mimi ni daktari wa mabata?"

"Wewe si fundi? Tengeneza."

Ilikuwa Jumanne. Fundi alimweka kifaranga mezani, kati ya nyundo na kopo la gundi, akampapasa. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, ngozi haikuchanika. Akaifikiria ile kazi kwa akili aliyokuwa nayo. Ukitaka ngozi ya kiatu ishike umbo, unailowesha, unaivisha kwenye kalibu, ule mguu wa mti, unaiacha ikauke. Ndivyo alivyofundishwa alipoacha shule, ndivyo alivyofanya kwa miaka thelathini. Akakata ukanda wa ngozi laini, akauloweka, akauzungusha kwenye ule mguu mdogo kuliko penseli, akafunga kwa uzi wa nta. Mshono ulinyooka kama wa kiatu cha bwana harusi.

Kinyozi alichungulia. "Viatu vya watu vimeisha, sasa unashonea ndege?"

"Nyamaza. Kuku wako ndiye chanzo. Mama gani anamkana mtoto?"

"Kuku wangu ana macho. Hata wewe ungeletewa mtoto mwenye mdomo ule ungeuliza maswali."

Fundi alimlaza mgonjwa katika boksi la viatu lenye matambara, pembeni akaweka chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi. Alimlisha unga uliolowekwa na kiini cha yai kilichopondwa, kwa ncha ya kidole. Jumatano kifaranga alisimama. Fundi akapiga mluzi kutwa nzima.

Alhamisi asubuhi kifaranga hakula. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na unyayo wake umevimba, mweusi, wa baridi kama kijiko.

Mke alikuwa ameshakwenda kazini. Fundi alisimama na lile boksi mikononi akiliona sanduku kule chumbani.

"Fundi," mama mkwe aliita. "Lete nione."

Akapeleka. Bibi aliutazama mguu, kisha akamtazama yeye.

"Ngozi uliivisha ikiwa imelowa?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa imekauka?"

Fundi aliubonyeza ukanda kwa kidole, ukawa mgumu kama ubao. Ngozi ikikauka inajikaza. Angeweza kuamshwa usingizini akalisema hilo. Lakini kalibu ni mti. Kalibu haina damu, haivimbi, haikulilii.

"Miaka yote hii nimekuwa navisha miti," alisema.

"Utajisema baadaye. Lete kisu. Mimi nitamshika, wewe ukate."

Alileta kile kisu chembamba cha kukatia soli. Kati ya ngozi ya ng'ombe na ya kifaranga hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele. Bibi alimfumbata kifaranga, mguu ukachomoza kati ya vidole vyake.

"Polepole. Mikono hii ndiyo iliyomlea mkeo, usinikate."

Alikata uzi kwanza, kisha ngozi, kidogo kidogo, jasho likimdondokea puani. Ukanda ulipoachia, kifaranga alipiga kelele, na wote wawili walifurahia ile kelele. Bibi akaudumbukiza mguu katika maji ya uvuguvugu, akausugua kwa kidole gumba hadi mchana. Weusi ukafifia, ukaja rangi ya chungwa bovu, kisha ya chungwa zima. Akachana shuka kuukuu, wakaweka pamba na vijiti viwili, wakafunga kwa kulegeza.

Jumamosi sanduku lilikuwa mlangoni. Mke wa fundi alikuwa amevaa nguo za safari, tayari kumsindikiza mama yake. Bibi alisimama na mkongojo wake, akachungulia kwenye boksi.

"Nani atakuwa anambadilishia kitambaa?"

"Mimi," alisema fundi.

"Wewe? Uliyemfanya kalibu?"

"Basi kaa umbadilishie mwenyewe, mama."

Mkewe alifumba macho. Maneno kama hayo ndiyo yaliyoanzisha vita. Bibi alimkazia mkwewe macho, akaketi juu ya sanduku.

"Wiki mbili. Mfupa ukishika, naondoka."

Wiki mbili hizo walifanya kazi bega kwa bega, bibi akishika, fundi akifungua, wakigombana kuhusu pamba. Siku ya kufungua vijiti kwa mara ya mwisho walimweka kifaranga katika beseni, akaogelea moja kwa moja bila kupinda. Wakamshusha sakafuni. Mfupa ulikuwa umeshika, lakini umeshika kwa kukunja. Alikwenda mpaka mlangoni akielemea upande.

Mke wa fundi alikuwa ameacha kufagia.

"Anayumba," alisema bibi. "Sema, fundi. Anayumba kama nini?"

Fundi alitafakari kwanza, jambo ambalo hakulizoea.

"Kama bata, mama. Bata wote wanayumba."

Bibi alicheka kwa pua, kicheko kifupi. Kisha akaivua ndala yake ya kushoto, akaisukuma kwa mkongojo mpaka chini ya meza ya kazi.

"Usiweke ngozi iliyolowa."

Fundi aliiokota, akapima unene wa vidole viwili kwenye kisigino. "Gundi lazima ikauke vizuri. Utakaa bila kiatu mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa sina safari," alisema bibi, akamwita kifaranga ale.