Ushindi wa Halali Piney Fork

Ukoo wa Teague ulikuwa na mila mbili: kusali kabla ya mbio, na kuiba ndani ya mbio. Harlan, kitinda mimba, aliibia kwenye ekseli ya nyuma, chuma kinachoshika magurudumu. Aliisogeza pembeni kidogo tu, na gari likashika kona kama kupe. Akishinda, kabla wakaguzi hawajafika na vipimo vyao, alilizungusha gari kwa furaha mpaka moshi wa matairi ukatanda, kisha akalirudisha nyuma likajibamiza ukutani. Masikini, bahati mbaya! Nani atapima chuma kilichopinda? Piney Fork nzima ilijua, kuanzia mchungaji hadi muuza soseji, na Piney Fork nzima ilipiga makofi. Huku Carolina mwizi wa gari hufungwa, mwizi wa inchi hupewa mkono.

Lakini chama cha mbio kilikuwa kimemnasa mara mbili, kikamwambia kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho: leseni inakwenda, na hairudi. Tena kikatunga sheria mpya. Gari lililoumia kwa ajali lingesamehewa, ila lililoumizwa makusudi lingehesabiwa kuwa la wizi.

Ndipo dada yake Lorene alipomnyang'anya spana. Lorene hakuwahi kusema uongo, hata kwenye mazishi, jambo lililomfanya asialikwe mara nyingi.

"Gari nalitengeneza mimi," alimwambia. "Kila kitu kwa sheria."

"Kwa sheria? Dada, unataka tushike mkia?"

"Nataka ushindi mmoja wenye jina letu ambao sitauonea haya. Mmoja tu, Harlan, kabla sijafa."

Akakesha na gari lile majira yote ya baridi. Na Jumamosi ya ufunguzi, baada ya mchungaji kuomba baraka za Mungu juu ya injini zote, za wema na za wezi, Harlan alishinda. Alishinda kihalali! Alimpita Boyce Lunsford kwenye kona ya mwisho bila hata kumgusa, na Lorene alilia waziwazi, machozi yakichuruzika kwenye grisi ya mashavu.

Kisha Harlan akaanza kulizungusha gari. Moshi ukatanda. Lorene akaona taa za nyuma zikielekea ukutani, akapiga ukelele kwenye redio ya kuzungumza na dereva, "Harlan! We Harlan! Usithubutu!"

Paa!

Mazoea yana taabu. Mjinga yule alikuwa ameharibu ushahidi wa kutokuiba.

"Nimesahau," alisema Harlan, akichungulia dirishani, mweupe kama unga. "Haki ya Mungu, dada, mguu ulikwenda wenyewe."

"Mguu! Kichwa chako kilikuwa wapi, likizo?"

Kwenye banda la ukaguzi mzee Odell Crump alipima ekseli mara mbili, akavua kofia. Kwa kishindo cha ukuta ilikuwa imekwenda pembeni, palepale ilipokuwa ikienda enzi za wizi. Boyce Lunsford, ambaye gari lake mwenyewe lilikuwa na siri za kutosha kijiji kizima, alisimama mlangoni akitafuna nyama ya nguruwe na kusikitikia kuporomoka kwa maadili.

"Ukuta ule umeumiza magari ya Teague tangu enzi za babu yenu," alisema mzee Odell. "Harlan simuulizi kitu, maana hata saa siwezi kumuuliza nikamwamini. Nakuuliza wewe, Lorene mwanangu. Utakalosema ndilo nitakaloandika. Ilikuwa ajali?"

Boyce aliacha kutafuna. Harlan alikuwa ameinamisha kichwa, na Lorene akamwona alivyokuwa: mwanamume wa miaka arobaini asiyejua kazi nyingine yoyote chini ya jua. Gari lilikuwa safi. Yeye alijua, na Mungu alijua, ila hakuna kati yao aliyekuwa na kipimo cha kuonyesha.

"Ajali," alisema Lorene. "Gari lilimponyoka."

Mzee Odell akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Imetosha. Ungekuwa mwingine yeyote nisingekubali." Akaandika jina la Harlan Teague, mshindi.

Watu wakashangilia. Harlan akamkumbatia dada yake, akamnyanyua juujuu, akacheka sikioni mwake. "Tazama, umesema bila hata kupepesa jicho! Na mimi nilidhani mama alikuokota kanisani. Kumbe na wewe ni Teague!"

Wakawasimamisha wote wawili mbele ya mpiga picha na kombe katikati. Mpiga picha akamwomba Lorene atabasamu. Alijaribu. Siku nzima ile ukoo wa Teague ulikuwa na wizi mmoja tu pale Piney Fork, na aliyeufanya alikuwa yeye.