Jina la Nesi

Siku ya kliniki, Hosiana alikuwa akipima watoto kwenye mizani iliyoning'inia barazani mwa zahanati, pale mtumbwi wa wafinyanzi kutoka Ikombe ulipotia nanga ufukweni. Ulileta vyungu vya kuuza, na katikati ya vyungu mwanamke Myunani aliyekufa zamani sana, enzi za kabla ya Injili. Wafinyanzi walimkuta ziwani, wakampakia.

"Ugonile," Myunani akasalimia, akishuka.

"Ndaga," wakaitikia kina mama, wakamsogezea nafasi kwenye benchi.

Hosiana alimaliza kupima watoto ndipo akamfuata. "Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Natafuta kitabu changu."

Kwao alikuwa tabibu, akaandika juu ya uzazi na maradhi ya wanawake. Alipokufa, walionakili wakaweka jina la mwanamume.

"Wewe ulikuwa unaitwa nani?"

Myunani akafungua kinywa. Midomo ilicheza vizuri, sauti tu haikutoka. Hosiana akamletea chai.

Hosiana naye alikuwa ameandika. Dada yake Rut alivuja damu baada ya kujifungua, akafia njiani juu ya bodaboda. Hosiana akaandika kitabu ili wakunga wajue la kufanya. Alimpa Daktari Lazaro akipitie. Asubuhi hiyo kilikuwa kimefika kimechapwa, na jaladani palikuwa na jina la Lazaro peke yake.

Akampigia simu. "Daktari, mbona jina langu halimo?"

"Dada, kitabu ni cha kuokoa kina mama. Jina la nini?"

"Dada yangu yumo mle."

"Ndiyo maana kinagusa."

"Basi andika kwamba mwandishi ni..." Sauti yake ikakatikia hapo. Akajaribu tena, hewa tupu.

"Mtandao huo," daktari akasema, akakata.

Myunani akasogea, akampisha akae.

Mgeni huyo hakuondoka tena. Nancy, mmoja wa kina mama wa kliniki, alipojifungua na kuanza kuvuja damu, yeye ndiye aliyeshika dripu huku Hosiana akikanda tumbo, akimwita Rut kimoyomoyo. Damu ikakata.

"Mtoto nampa jina lako, nesi," Nancy akasema. Akamgeukia mama yake. Wote wawili walikuwa wakimjua Hosiana miaka yote, lakini jina hawakulipata. Wakamtazama awasaidie. Hosiana akafungua kinywa, hewa tupu; akatikisa kichwa.

Bibi wa mtoto akachukua kitabu mezani, akasoma jalada.

"Basi aitwe Lazaro."

Hosiana akajaza kadi: Lazaro, wa kike, kilo tatu. Wino ulipokauka, akamkabidhi Nancy.