Zoezi la Matope

Mimi zoezi la matope lilinishinda siku ya kwanza. Nisingizie nini? Mdomo wangu hauna breki, soko zima linajua, na nyanya zangu nimeziuza kwa mdomo huohuo tangu usichana.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Kila Jumamosi, wanawake tuliotaka uongozi tulikutana katika darasa la shule ya msingi. Aliyetufundisha alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kuwa diwani, tukimwita Bibi Diwani. Mmoja wetu alipanda juu ya dawati kuhutubia, sisi wengine tukamrushia kila uchafu utakaomkuta kwenye kampeni: malaya, mgumba, mume umemwachia nani. Yeye sharti atabasamu, avute pumzi, aendelee na sentensi palepale alipoishia. Hakuna kujibu, hakuna kumtazama mtu mara mbili. "Ukigeuka tu," alisema Bibi Diwani, "mkutano umewapa wao."

Nilipotupiwa tusi la kwanza niliruka chini kumfuata aliyelitoa. Watu walicheka mpaka machozi. Bibi Diwani akasema, "Wewe mwanangu hufai kugombea. Utaongoza kampeni ya mwenzako." Ndipo nikapewa Msusi.

Msusi alisuka nywele katika kibanda kilicho jirani na genge langu. Mtulivu kama maji ya mtungini, lakini akishaamua jambo, humng'oi. Aliamua kugombea udiwani baada ya kuona wajawazito wanasubiri kwenye jua nje ya zahanati isiyo na hata benchi. Mimi nikasema, shoga yangu, twende.

Tatizo lilikuwa mama yake. Mama alikataa katakata. "Mwanamke akipanda jukwaani, midomo ya watu inamvua nguo," alimwambia. "Sikukuzaa uje uvuliwe mbele yangu." Msusi hakusikia. Mama akamwambia basi, asikanyage kwake mpaka atakapomwita mwenyewe. Na mama yule alikuwa mgonjwa, kifua kimemwandama, anaishi na mtoto wake wa kiume, mdogo wake Msusi, fundi wa kuchomelea vyuma. Msusi alikuwa akipeleka dawa na uji, anaviacha mlangoni, anarudi. Huku anasuka kichwa cha mtu, ananiambia, "Siku mama akiniita, hata niwe jukwaani, kipaza sauti nakuachia wewe." Alisema hivyo karibu kila siku, na mimi nilimjibu ataita tu, mzazi ni mzazi.

Sasa huyo fundi wa kuchomelea. Mungu anisamehe, bado nikimtaja damu inanichemka. Alikuwa upande wa mama yake, na si kwa upole. Mkutano wetu wa kwanza alikuja na vijana wa mpinzani, akasimama nyuma akapiga kelele: "Dada, rudi nyumbani, mama anakuita!" Wenzake wakaangua kicheko. Msusi, masikini, uso ulimchangamka. Alishuka jukwaani mbio, akaenda mpaka kwa mama. Mlango haukufunguliwa. Hakuitwa na mtu.

Kuanzia hapo maneno hayo yakawa wimbo. Kila tulipokwenda, vijana walimwimbia: mama anakuita, mama anakuita. Bibi Diwani akamrudisha darasani, akampandisha juu ya dawati, na wanawake wote wakamwimbia hayohayo. Mara ya kwanza alilia. Tukaendelea. Mwishowe akawa anatabasamu vizuri kabisa, sentensi haikatiki. Tulimpigia makofi. Bibi Diwani alimkumbatia.

Mkutano wa mwisho ulikuwa uwanja wa shule, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, natukanana na fundi mitambo ambaye waya zake zilikuwa zinakatika kila dakika. Msusi alikuwa anasema habari ya zahanati, na watu wamenyamaza. Hapo ndipo mdogo wake, yule wa kuchomelea, alipotokea mbele, kavaa aproni ya kazi, anapunga mikono.

"Dada! Mama anakuita! Dada, njoo!"

Vijana wakadaka, wakaanza kuimba. Mimi nilisikia wimbo tu. Msusi alimwona. Alimtazama mdogo wake mara moja, akatabasamu, akavuta pumzi, akaendelea na sentensi palepale alipoishia. Akapigiwa makofi, na yule kijana akageuka akaondoka.

Tulipata habari tukiwa tunakunja turubai. Jirani yao alikuja akihema, akanivuta pembeni. Sikujua niseme vipi, nikamshika Msusi mkono nikamwambia, twende kwa mama. Njia nzima aliniuliza, "Ameniita? Kweli ameniita?" Nikamwambia ndiyo. Alikuwa anakimbia huku anacheka, jamani. Sikuweza kumwambia lililobaki.

Tulikuta viatu vimejaa kizingitini. Akajua.

Mama alikuwa amelazwa chali, kafunikwa khanga mpaka kidevuni. Mdogo wake kaketi chini na aproni yake, kashikilia mguu wa kitanda. Msusi hakulia. Alichuchumaa mbele yake.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui. Asubuhi aliamka akasema, niitie dada yako, nimemkosea. Akataka nimwekee mto aketi, usimkute amelala."

"Halafu?"

"Niliporudi akauliza, yuko wapi?"

"Ukamwambiaje?"

Kijana akafuta pua kwa kiganja.

"Nilikuwa na hasira, dada. Watu walikuwa wananiimbia. Nikamwambia, nimemwita, akanichekea."

Nilitaka kumrukia. Bibi Diwani alikuwa amefika nyuma yetu, akanishika bega.

"Naye akasemaje?" akauliza Msusi.

"Akasema, basi nitolee mto, nilale."

Msusi akamshika mdogo wake mikono yote miwili, akaiminya.

"Ulimwambia na kingine," alisema. "Baadaye. Kabla hajafa. Ulimwambia ulitania. Niambie ulimwambia."

Kijana akainamisha kichwa.

"Niambie, mdogo wangu."