Kioo cha Kasuku

Mimi sipendi kuambiwa kitu hakipatikani. Mke wangu anauita ugonjwa, na dawa yake sijaipata. Mtu akiniambia kioo cha gari fulani hakipo, damu inachemka kana kwamba ametukana ukoo wangu mzima. Nabadilisha vioo vya magari mwaka wa ishirini na sita huu, na ugonjwa huo ndio ulionilisha. Ndio pia ulionifanya nimtendee Mwalimu yale niliyomtendea.

Mwalimu hakuwa mwalimu wa chaki na ubao. Alifundisha udereva zaidi ya miaka thelathini, na mtu yeyote wa rika langu hapa mjini anayejua kushika usukani, mwulize, karibu wote tulipita mikononi mwake. Somo lake la kwanza halikuwa klachi wala breki. Alikusimamisha hatua ishirini na tano kutoka kwenye gari, ukamsomea namba ya kibao kwa sauti. Ukikosea, anasema, "Soma tena." Ukikosea tena, "Soma tena." Ya tatu ikikushinda, unarudi nyumbani na usionekane pale bila miwani. Katika hilo hakujua mjomba wala shangazi. Shemeji yake mwenyewe alirudishwa, akanuna mpaka anaingia kaburini.

Sheria hiyo niliiiba nikaileta kazini kwangu. Kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja, juu ya bomba la kunawia mikono, nimegongelea kibao cha namba cha gari. Nikimaliza kufunga kioo cha mbele, mwenye gari anakaa kwenye usukani ananisomea. Kioo kibovu kina mawimbi, na namba zinacheza ukiziangalia. Mtu akisoma bila kukunja uso, najua kioo ni kizima. Wateja wananicheka, lakini wanasoma.

Basi, siku moja Mwalimu akaja na binti yake. Yeye alikuwa ameshastaafu zamani, na binti ni muuguzi, mwanamke wa maneno machache, anayekutazama kama anakupima joto. Gari lao ni dogo lakini limeinuka, kijani kilichopauka, limebeba tairi la akiba mgongoni kama mama na mtoto wake. Watu wanaliita Kasuku. Waliolitengeneza waliacha kulitengeneza miaka mingi iliyopita, na vipuri vyake vimekuwa adimu kama deni linalolipwa kwa hiari.

Binti alieleza mambo yote papo hapo, mbele ya baba yake, na hilo sikulipenda. Ndani ya miezi minne Kasuku alikuwa amegusa nguzo ya lango mara mbili, akagonga pipa la maji la jirani, na juzi akakanyaga baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Mwenye baiskeli alikuwa ameingia dukani tu, Mungu saidia. Kila mara Mwalimu alisema kosa ni la kioo. Na kweli kioo kilikuwa na ufa, umepanda kutoka kona ya chini upande wa abiria, na waipa zilikuwa zimekikwaruza. Jua likikipiga, alisema Mwalimu, kila kitu kinakuwa maziwa.

Kwa hiyo baba na mwana walikuwa wamekubaliana. Kioo kibadilishwe kwanza. Mpaka hapo, Mwalimu ataendesha kwenda sokoni na kwa dada yake tu. Kikishabadilishwa, atakaa kwenye usukani asome kibao changu, kama alivyowasomesha wengine. Akikisoma, hakuna atakayemwuliza tena. Kikimshinda, ufunguo anamkabidhi binti yake na habari imekwisha.

Mwalimu alicheka sana. Jambo nililolianzisha mimi mwenyewe, alisema, ndilo litakalonishinda mimi? Nami nikacheka naye, mjinga mkubwa. Halafu binti akaniambia kwamba mafundi wanne wameshawaambia kioo hicho hakipatikani. Hapo ndipo aliponimaliza.

Nilianza kutafuta. Nilipiga simu kila nilipopajua, na Mwalimu akawa anakuja kila wiki kuulizia. Alikaa kwenye benchi langu, akanywa chai, akanihadithia wanafunzi wake, nani aliingia mtaroni, nani alilia alipoambiwa arudi kinyumenyume. Mimi nina mvi kichwa kizima lakini aliniita kijana wangu. Akimaliza chai anakwenda bombani kunawa mikono, taratibu, mtu asiye na haraka. Nikimwambia bado sijakipata, anasema usijali, haraka haraka haina baraka, na uso wake unakunjuka kabisa. Nilimwambia mke wangu nimepata mteja ambaye wangefanana naye wote ningezeeka vizuri.

Mwezi wa pili wa kutafuta nikafanya kosa la kitoto. Kuna toleo lililofuata baada ya Kasuku, sura ileile, taa zilezile, na mafundi wote huapa kwamba kioo chao ni kimoja. Nikakipata cha hilo. Sikupima. Mimi, mwenye miaka yote hii kwenye kazi, niliona kwa macho nikaridhika. Nilipokiweka juu ya gari kikawa kimezidi vidole viwili, na kishikio cha kioo cha ndani kimekaa mahali ambapo hakikutakiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mwalimu alinipigapiga bega akasema hata mimi ningedanganyika, kijana wangu, vinafanana sana. Alikuwa na furaha. Nilidhani ni utu uzima.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi aibu ile ilinitia kichaa. Nilisafiri nusu siku kwenda kwenye gereji iliyofungwa, mwenyewe amekufa na watoto hawataki kazi ya mafuta mikononi, na huko, nyuma ya milango kumi na minane ya magari, kimefungwa kwa magazeti ya zamani, kilikuwepo. Safari hii nilipima mara tatu. Nilirudi nacho kimelala juu ya godoro, nikaendesha kama nimebeba mayai. Nilipofika nikampigia simu binti, kwa kuwa namba niliyopewa ilikuwa yake. Alisema asante tu.

Siku ya kazi, Mwalimu alikuja peke yake kabla ya saa tatu asubuhi. Hakutaka chai. Kutoa kioo cha zamani kunahitaji watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, mnavutana waya mwembamba unaokata gundi, mvute nikuvute, mpaka mzunguko uishe. Alisema ataingia ndani yeye. Tulivutana zaidi ya nusu saa. Nguvu alikuwa nazo bado, mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Tulikinyanyua kioo cha zamani nikakiegemeza kwenye meza. Nikasafisha kingo za gari, nikapaka dawa inayoshikisha gundi. Wakati inakauka, nikachukua kitambaa nikakipangusa kile kioo cha zamani, mazoea tu, mikono yangu haijui kukaa bure. Nikainama nikatazama kupitia kwake.

Uliona ufa, kwa pembeni huko. Uliona mikwaruzo, ya kawaida, ya gari lolote la umri ule. Na ng'ambo yake uliona bomba, uliona kibao, na namba zake zote nne zinasomeka vizuri kabisa.

Nilibaki nimeinama vile muda mrefu. Nikakumbuka chai, benchi, uso uliokunjuka kila niliposema bado. Mafundi wanne walikuwa wamemwambia hakipatikani na kila mmoja alikuwa amempa mwezi mmoja zaidi wa kuendesha. Alikuja kwangu kutafuta wa tano. Na mimi, kwa kiburi changu, nikaenda kukichimbua nyuma ya milango kumi na minane.

Aliniuliza, vipi, kijana wangu, kuna tatizo? Nikamwambia hapana. Gundi ilikuwa inangoja. Tulikibeba kioo kipya, kila mmoja na upande wake, tukakilaza mahali pake, na kikakaa kama kilizaliwa pale. Nikamweleza kwamba gari lilale kwangu, dirisha liachwe wazi kidole kimoja, na mlango usibamizwe kabisa mpaka kesho kutwa, kwa kuwa upepo ukikosa pa kutokea ndani unakisukuma kioo kabla gundi haijashika. Alisikiliza kama mwanafunzi. Kisha akaondoka kwa miguu, upande wa kivuli, mkono mmoja ukigusagusa ukuta.

Lazima niseme hapa jambo la kibao. Jumatatu ya wiki ile alikuja mtu kubadilishiwa kioo cha mlango wa gari lake, akakiona kibao ukutani, akaruka. Kumbe ni chake, kilidondoka kwenye mvua, amekitafuta mwaka mzima. Nikambandulia, akaondoka nacho anaimba, nikatafuta kingine kwenye vyuma chakavu nikakigongelea mahali palepale. Sikumwambia mtu. Nimwambie nani habari ya kibao?

Basi, kesho yake baada ya kufunga kioo, wakaja wote wawili. Mwalimu amevaa shati lililopigwa pasi. Alifungua mlango akaingia kwenye usukani, akarekebisha kiti, akarekebisha kioo cha ndani, akaweka mikono miwili juu ya usukani kama alivyotufundisha. Binti alisimama karibu na dirisha lake. Hakugeuka kutazama ukuta. Alikuwa anamtazama baba yake usoni.

Nikamwambia, Mwalimu, nisomee.

Alitazama mbele. Hakukunja uso, hakusogeza shingo. Akasoma kwa sauti ileile ya zamani, ya kusikika hatua ishirini na tano.

"Nne. Saba. Moja. Nane."

Zilikuwa namba za yule mtu wa Jumatatu. Kibao kilichokuwa ukutani kilianza na tatu, na hakikuwa na nane popote.

Nikaelewa pia kunawa mikono kule. Kila wiki, taratibu, pua yake karibu na ukuta.

Binti akaniuliza, "Fundi, amesoma sawa?"

Sitadanganya, nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja. Yule mzee alinifundisha kazi ya mguu na jicho nikiwa sina hata viatu, na mimi ndiye niliyemfutia visingizio vyake kimoja kimoja. Nilikuwa na deni lake. Halafu ikanijia ile baiskeli iliyoegeshwa ukutani, na mwenyewe dukani, labda anangoja chenji. Nikaona kwamba deni lenyewe lilikuwa lile neno alilonipa mimi miaka ile, na sikuwa na jingine la kumrudishia.

"Soma tena, Mwalimu," nikasema.

Alinigeukia haraka. Kisha akatazama mbele, akasoma polepole zaidi, nne, saba, moja, nane, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Binti sasa aligeuka akauona ukuta. Aliuma mdomo wa chini, akaweka mkono juu ya paa la gari.

"Soma tena."

Ya tatu hakusoma. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani, na kioo kipya mbele yake hakina hata doa. Iliniuma. Naendelea na kazi zangu, nakula, nalala, lakini ile iliniuma na sioni haya kusema.

Baadaye akaniuliza, "Kibao umekibadilisha lini?"

"Jumatatu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Ningekuwa mimi," alisema, "ningekibadilisha kila wiki."

Alichomoa ufunguo. Akashuka, akaurudisha mlango kwa viganja viwili, taratibu, mpaka ukajifunga bila sauti, maana nilimwambia usibamizwe. Akamwekea binti yake ufunguo mkononi na kuvifunga vidole vyake juu ya ufunguo. Kisha akazunguka mbele ya gari, akipapasa boneti, akaingia kiti cha pembeni. Kiti hicho alikikalia miaka zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimekisahau.

Binti aliingia, akafuta macho kwa nyuma ya mkono, akawa anatafuta mahali pa kuingizia ufunguo. Mwalimu akamwambia kiti kwanza, halafu vioo, halafu ndiyo uwashe, hakuna anayekufukuza. Akafanya hivyo, kimoja kimoja.

Niliwafungulia lango. Walipokaribia, nilimwona Mwalimu kupitia kioo changu, kisafi kabisa, akitazama mbele, na mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu mahali ambapo kwenye gari la shule palikuwa na breki yake. Kasuku akapunguza mwendo, akapita katikati ya nguzo mbili bila kugusa.