Sakafu ya Bwana Kamba

"Sakafu yangu mimi," alisema fundi Halfani, akipangusa mwiko kwenye shuka ya mtu mwingine, "hata kifaru aoge juu yake na wanawe, haitoi ufa."

Kifaru hakuja. Alikuja Bwana Kamba mwenyewe, yule Mdachi mpima ardhi mwenye bafu lenye sakafu hiyo, mwembamba kama fito, na siku ya nane tu sakafu ikamla mguu. Alikuwa amesimama chini ya debe lake la matundu, povu masikioni, mara chokaa ikafunguka na mguu ukazama hadi gotini, katikati ya magogo yaliyofunika shimo la maji machafu. Mfupa ukalia kwaa! Siku hiyo Mpwapwa nzima ilijua kwamba Mdachi naye ana mama, maana alimwita.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameketi barazani, mguu umefungwa vijiti, na amri zimetoka mbili. Sakafu ing'olewe, iwekwe nyingine. Na aliyeiharibu alambe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya watu.

Mgongo wa Halfani ukaanza kuwasha kabla haujaguswa.

"Nani alipiga chokaa?" aliuliza Shaushi Bashiri, mkubwa wa askari. Hata yeye alijua kwamba chokaa ya sakafu hupigwa kwa vibao siku tatu ingali mbichi, watu wawili wakikabiliana, mpaka ishikane.

"Yule pale." Kidole cha Halfani kilitangulia maneno. "Nikodemo. Siku zote tatu nilikuwa naye, nikamwona kwa macho haya. Anapiga kama anambembeleza mtoto alale!"

Nikodemo, Mgogo aliyekuwa akibeba chokaa, alitoa macho. "Shaushi, nilipiga peke yangu! Fundi hakuwepo. Nikimaliza pembe hii, ile imeshakauka!"

"Fundi wa Bagamoyo amesema, mbeba chokaa amesema," alijibu Bashiri. "Nimsikilize nani? Mlazeni."

Askari wawili wakamkalia miguu, mmoja kichwa. Kiboko cha kwanza kiliacha mstari mweupe, cha pili kikaujaza damu. Kufikia cha saba ngozi ilikuwa imefunguka. Kufikia cha kumi na tano Nikodemo aliacha kumwita Yesu, akabaki akikoroma mchangani. Halfani alijisemea, afadhali yeye. Akaona haya. Kisha akajisemea tena, lakini afadhali.

Alasiri hiyo hiyo Nikodemo alipewa sululu abomoe ile sakafu. Kila akiinua mikono, mgongo ulifunguka upya na damu ikamchirizika hadi kwenye visigino. Mwenye akili angenyamaza. Halfani alikuwa na ulimi.

"Eeh, hivyo hivyo! Siku ile ungepiga hivyo, leo tusingekuwa hapa."

Sululu ikaja. Ilipita karibu na sikio lake ikazama ukutani, na Nikodemo hakuhangaika kuing'oa. Alimrukia Halfani kwa mikono mitupu, wakaporomoka wote wawili juu ya mabonge ya chokaa. Nikodemo alimshika kichwa akakibamiza kwenye gogo, mara moja, mara mbili. Jino likatoka. Halfani akaokota kipande cha sakafu yake mwenyewe, akampasua nacho kipaji cha uso. Bashiri alipowaachanisha kwa kitako cha bunduki, hakuna aliyejua damu ipi ya nani.

"Umeona, Shaushi?" Halfani alihema, mdomo umejaa nyekundu. "Mwenye hatia hana haya! Muongeze nyingine ishirini na tano!"

Bashiri alikuwa ameshakiinua kiboko wakati Tabu, mama mpika pombe, alipoingia na kibuyu cha askari, akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, fundi! Yuu, nani kakuumiza hivyo, mwanangu? Ndiyo maana huonekani tena kwangu? Mtama umeumuka vizuri kuliko zile siku tatu ulizolala pale."

Bashiri alikishusha kiboko polepole. "Siku tatu zipi, mama?"

"Si zile za kupigwa sakafu ya Mzungu? Tulikuwa tunazisikia kelele tukiwa tumekaa."

"Tabu, umenifananisha," alisema Halfani.

"Nikufananishe wewe? Nilikuuliza, fundi, kazi je? Ukasema, aah, nimemwachia Nikodemo, nimimine tena."

Nikodemo, aliyekuwa ameshalazwa tena kifudifudi, aliinua kichwa. Bashiri akampa ishara ainuke, ampishe fundi nafasi.