Mkia Uliofutwa

Mkuu wetu wa utafiti anatangaza kwamba tumekosana kwa ajili ya kiburi changu. Si kweli. Tumekosana kwa ajili ya sayari.

Sayari yenyewe ni jitu la gesi. Imeisogelea nyota yake mno, na kwa joto lile hewa yake inatoroka. Kuiona hatuioni. Tunasubiri ipite mbele ya nyota, tunapima mwanga uliomezwa na gesi ya heliamu, kisha tunalinganisha na mwanga wa nyota ikiwa peke yake. Huo wa kulinganishia, mkuu huuchukua mara tu sayari inapomaliza kupita. Ndivyo alivyofundishwa, na nani amguse?

Majibu yakatoka sifuri. Akaandika makala kwamba sayari hii haipotezi hewa, akaweka na jina langu, akataka nisaini kabla ya chakula cha mchana.

Nikakataa. Hewa inayotoroka hubaki nyuma ya sayari kama mkia, kama moshi wa lori bovu. Sayari ikishapita, mkia bado umeifunika nyota! Tulikuwa tunalinganisha gesi na gesi, halafu tunajidai kushangaa. Nilimweleza hayo kikaoni, wenzangu wote wakiinamia vikombe vyao vya chai kana kwamba jibu limo humo.

Akacheka. Akasema, mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa, na asiyesaini asahau darubini msimu ujao. Jamani, bila darubini mimi ni nani? Roho iliniuma, sifichi.

"Futa jina langu," nikamwambia.

Usiku ule nikarudi ofisini na vipimo vilevile. Safari hii nikalinganisha na mwanga tuliopima sayari ikiwa nyuma ya nyota, mkia ukiwa nayo hukohuko. Heliamu ikajitokeza, tena nyingi, mpaka muda mrefu baada ya sayari kupita. Kesho yake mchana nikamwita mkuu aje aone.

Alisimama mbele ya kompyuta. Kisha akavuta kiti, akaanza kunibembeleza kwa sauti ya baba. Makala yake imeshapelekwa, akasema. Haya yangu tuyatoe mwakani, taratibu, na nafasi yangu kwenye darubini itarudi leo hii.

La kuvunda halina ubani. Nikamtazama usoni.

"Darubini kaa nayo, mzee. Mkia nimeshautangaza mtandaoni asubuhi, kwa jina langu peke yake."